Albamu Iliyokatika Wimbo wa Tisa

Ubishi wenyewe, kuhusu albamu ya In Utero ya bendi ya Nirvana, ulianzishwa na fulana. Nilikuwa nimeketi Jumamosi moja kwenye benchi la fundi spika pale Makoroboi, nikisubiri spika yangu ya kushoto ifungwe koili mpya baada ya ile ya awali kuungua, akaingia kijana aliyebeba spika mbili za studio zilizoviringishwa kwenye kanga, naye amevaa fulana nyeusi yenye uso wa njano unaotabasamu, macho yake yakiwa alama mbili za kukata na ulimi umetokeza pembeni. Fulana hiyo imeenea Mwanza nzima. Marobota yanapofunguliwa Mlango Mmoja haikosekani, na nimewahi kuiona imevaliwa na mama mtu mzima aliyekuwa akianika dagaa, ambaye bila shaka alikuwa na mambo mengi ya kufikiria kuliko muziki wa Seattle. Nilimwuliza kijana ni albamu ipi ya bendi hiyo anayoipenda zaidi. Akanijibu kwa adabu: "Samahani kaka, kumbe ni bendi? Mimi nilijua ni kampuni ya nguo."

Fundi alicheka mpaka akaweka chini chombo cha kulehemu. Binamu yangu, ambaye tulikuwa tumeshuka naye kutoka Nyegezi, hakucheka hata kidogo, kwa sababu yeye ni mfuasi wa Nirvana tangu tukiwa sekondari na hulichukulia suala hilo kama wengine wanavyochukulia dini. Akatoa simu, akaiunganisha na amplifaya ya fundi bila kuomba ruhusa, na kabla sijasema lolote akamtangazia kijana kwamba atamsikilizisha albamu ambayo mtu aliirekodi huku akijua anakufa. Hapo ndipo nilipomkatiza, na hapo ndipo tulipoanza kubishana jambo ambalo mimi na yeye tumekuwa tukibishania kwa zaidi ya miaka 20.

Kwa msomaji ambaye naye aliijua Nirvana kwa njia ya fulana, nieleze kidogo. Ilikuwa bendi ya roki ya watu watatu iliyoanzia Aberdeen, mji mdogo wa wakata magogo katika jimbo la Washington, Marekani, mwaka 1987: Kurt Cobain akiimba na kupiga gitaa, Krist Novoselic akipiga besi, na Dave Grohl, aliyejiunga mwaka 1990, akipiga dramu. Albamu yao ya kwanza ya mwaka 1989 iligharimu dola 606 na senti 17 kuirekodi. Ya pili, iliyotoka Septemba 1991, ilitarajiwa kuuzwa kwa kiasi cha kawaida tu, lakini Januari 1992 ikamshusha Michael Jackson kutoka nafasi ya kwanza kwenye chati za Marekani, na muziki uliokuwa ukiitwa granji ukahama kutoka kumbi ndogo zenye jasho ukaingia kila nyumba yenye televisheni. Ya tatu iliitwa In Utero, ikatoka Septemba 1993. Aprili 1994 Cobain alijiua, akiwa na umri wa miaka 27, na kwa hiyo ya tatu ikawa ya mwisho.

Neno "ikawa" ndilo msingi wa hoja yangu yote. Binamu yangu na wengi wanaofikiri kama yeye huisikiliza In Utero kama wosia: wanasikia makelele ya gitaa, sauti inayokaribia kupasuka, maneno ya ugonjwa, damu na hospitali, kisha wanatazama kalenda na kusema kwamba kila kitu kilikuwa wazi tangu mwanzo. Mimi husema kwamba kalenda inawadanganya. Watu waliorekodi albamu ile Februari 1993 hawakuwa wakirekodi albamu ya mwisho, walikuwa wakirekodi ya tatu, na mtu akiisikiliza kama ya tatu atasikia vitu ambavyo msikilizaji wa wosia hawezi kuvisikia, kikiwemo kicheko.

Nikiri kwamba msimamo wangu haukutokana na utafiti, ulitokana na kaseti. Marehemu kaka yangu alirudi kutoka Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1990 na kaseti ya dakika 60 ambayo rafiki yake alimnakilia, upande mmoja In Utero na upande wa pili muziki wa dansi wa hapa nyumbani. Kaseti ya dakika 60 ina dakika 30 kila upande, na albamu ile ina dakika 41 na ushee. Mkanda ulikuwa ukikatika katikati ya wimbo wa tisa, gitaa likiwa ndiyo kwanza limepanda, ikisikika "tak" ya kitufe kinachoruka, halafu kimya. Nyimbo tatu za mwisho sikuzijua kabisa kwa miaka kama sita, ukiwemo wimbo wa kufungia, "All Apologies", ule wa taratibu wenye selo, ambao kila anayeamini habari ya wosia huutaja kwanza. Kwangu mimi albamu ile haikuwa na kwaheri. Ilikuwa ni kelele, utani na hasira, kisha tak. Nilipokuja kuisikia nzima kwenye sidii nilikuwa tayari nimeshaizoea bila mwisho wake.

Binamu aliposema, kama ninavyomtarajia siku zote, kwamba wimbo ule wa mwisho ni mtu anaomba radhi kabla ya kuondoka, nilimkumbusha tarehe. Nirvana waliurekodi wimbo huo kwa mara ya kwanza mjini Seattle tarehe 1 Januari 1991, miezi kadhaa kabla hata ya albamu ya pili kurekodiwa, wakati Cobain hakuwa na umaarufu, hakuwa na mke, hakuwa na mtoto. Agosti 1992 waliupiga jukwaani kwenye tamasha la Reading huko Uingereza, naye akautoa kama zawadi kwa mkewe na binti yao aliyekuwa amezaliwa siku chache tu kabla. Nyimbo nyingine kadhaa za albamu hiyo nazo zilikuwa za zamani, zimekaa kwenye madaftari tangu 1990 na 1991. Na jina lenyewe, In Utero, ni Kilatini cha "tumboni mwa mama", limechapishwa juu ya picha ya sanamu ya mwanamke mwenye mabawa ambaye viungo vyake vya ndani vinaonekana. Baba mwenye mtoto mchanga nyumbani anaipa albamu jina la tumbo la uzazi, na sisi tunang'ang'ania kwamba alikuwa anachimba kaburi.

"Na jina la kwanza je?" binamu aliuliza, huku akimtazama fundi kana kwamba fundi ni hakimu. Hapo ananibana kweli, na sitalificha. Jina ambalo Cobain alilitaka mwanzoni lilikuwa la mtu anayesema anajichukia na anataka kufa. Mwenyewe alilieleza kuwa ni mzaha, kejeli kwa watu waliomwona kama mlalamikaji asiyekoma, na Novoselic ndiye aliyemshawishi kuliacha kwa kuhofia kwamba watu wasiouelewa mzaha huo wangewapeleka mahakamani. Lakini mzaha wa mtu ambaye baadaye alitimiza kile alichokitania si rahisi kuubeba kwenye mizani. Binamu pia alisema jambo lililonikaa moyoni zaidi ya hilo: kwamba hata kama wimbo wa mwisho uliandikwa zamani, ni mtu aliyeamua uwe wa mwisho. Sikuwa na jibu zuri. Nilisema tu kwamba wimbo wa kwanza pia aliuchagua mtu, na wimbo huo unafunguka kwa kejeli kuhusu uchungu wa ujana ambao umemlipa mwenyewe vizuri, ila sasa amechoka na amezeeka, na kwamba wimbo wa kumi jina lake zima ni dhihaka kwa lugha ya wauza rekodi wanaohesabu nakala zilizotoka dukani. Anayeandika wosia hafungui kwa kumtania mhasibu wake.

Kijana wa fulana alikuwa kimya muda wote huo. Kumbe ni prodyuza, ana chumba kidogo Kirumba anakorekodi waimbaji wa bongofleva na kwaya, na hakuwa akiyafuata maneno yetu. Alikuwa akisikiliza dramu. Alimwomba binamu arudishe wimbo wa pili nyuma, ule unaoanza kwa dramu peke yake. Akainamisha kichwa karibu na spika yangu iliyotengenezwa, akasema: "Hii haina mwangwi wa kompyuta. Hiki ni chumba." Fundi naye akaweka kidole kwenye karatasi ya spika, akakiacha pale, akawa anatikisa kichwa kila dramu kubwa ilipopiga.

Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha, kwa kuwa hapo ndipo penye urithi halisi wa albamu hii, nami nimechoka kusikia ukiitwa "makelele". In Utero ilirekodiwa katika studio ya Pachyderm, iliyo kwenye msitu karibu na Cannon Falls, Minnesota, katikati ya majira ya baridi, na bendi iliingia humo kwa jina la uongo ili isisumbuliwe. Aliyeirekodi ni Steve Albini, mtu wa Chicago ambaye hakupenda kuitwa prodyuza. Alijiona kuwa fundi wa kurekodi, basi. Kurekodi na kuchanganya sauti vyote havikuzidi wiki mbili. Kwa sehemu kubwa bendi ilipiga kwa pamoja, watu watatu chumbani, na Albini akatega maikrofoni nyingi kuzunguka dramu, nyingine karibu na nyingine mbali, ili kinachosikika kiwe ni ngozi ya ngoma pamoja na hewa na kuta za chumba. Ubichi wake ulipimwa kwa hatua za miguu kutoka kwenye dramu hadi kwenye maikrofoni. Albamu ya pili ilikuwa imepigwa msasa na kupakwa rangi, kazi nzuri ya Butch Vig aliyeirekodi na Andy Wallace aliyeichanganya, ingawa Cobain mwenyewe alikuja kulalamika kwamba imelainishwa kupita kiasi. Ya tatu ni kama nyumba ya mawe ya Igogo ambayo mwenyewe amekataa isipigwe plasta: unaona kila jiwe, na unaona pia pale udongo ulipozidi.

Sitaki kuifanya ionekane haina kasoro. Kampuni ya rekodi ilipoisikia haikuipenda, magazeti ya Marekani yakaandika kwamba itakataliwa, na bendi ikalazimika kujitetea hadharani. Lakini wanamuziki wenyewe nao, baada ya kuisikiliza nyumbani, waliona besi haisikiki vizuri na sauti ya mwimbaji imezama. Albini alikataa kurudia kazi. Mwishowe mkanda ukapelekwa kwa Bob Ludwig, ambaye kazi yake ni kuisawazisha albamu kwa mara ya mwisho kabla ya kuchapishwa, na nyimbo mbili zilizokusudiwa kwa redio, "Heart-Shaped Box" na "All Apologies", zikachanganywa upya na Scott Litt. Wafuasi wamebishana tangu siku hiyo kama huo ulikuwa usaliti.

Tulifanya jaribio dogo. Binamu alipiga nyimbo nne bila kutaja majina, nami nikawauliza kijana na fundi ni zipi zilizopitia mkono mwingine. Kijana aliitambua "Heart-Shaped Box" kabla ya kiitikio kufika. Alisema sauti ya mwimbaji "imepandishwa juu ya gitaa, imekaa kitini", na kwamba yeye angefanya hivyo hivyo. Fundi alichagua wimbo ambao haukuguswa na mtu yeyote, tena kwa kujiamini kabisa. Basi nilichokuwa nimekishikilia kwa miaka, kwamba tofauti hiyo ni kubwa na inaumiza, kilipungua uzito mbele ya macho yangu. Nadhani Litt aliufungua mlango ili watu wa kawaida waingie, na waliofika ndani waliikuta nyumba ileile isiyo na plasta. Mwaka 2013, albamu ilipotimiza miaka 20, Albini aliichanganya upya yote mbele ya Novoselic na Grohl, na nyimbo zile mbili sasa unaweza kuzisikia kwa mkono wake. Mimi wimbo wa mwisho naupenda zaidi kwa mkono wa Albini, na ule wa tatu, "Heart-Shaped Box", kwa mkono wa Litt. Binamu anasema huo ni unafiki.

Suala la malipo ndilo lililomtoa fundi kwenye kiti chake. Albini alipoombwa kazi hii aliiandikia bendi barua ndefu akieleza jinsi anavyofanya kazi, na ndani yake akasema kwamba angependa alipwe kama fundi bomba: afanye kazi, alipwe ujira wake, yaishe. Mirabaha hakuitaka. Kwa desturi ya biashara ile, mtu wa nafasi yake angechukua asilimia ya kila nakala itakayouzwa, miaka yote, na yeye aliona kwamba nyimbo ni za bendi, lawama na sifa ni za bendi, kwa hiyo fedha hizo nazo ni za bendi. Alichukua dola 100,000, basi. Albamu iliingia sokoni ikashika nafasi ya kwanza Marekani ikiwa imeuza nakala kama 180,000 katika wiki moja, na imeendelea kuuzwa hadi leo.

"Huyo ni mjinga," alisema fundi. Kisha akafikiri. "Hapana, si mjinga. Lakini bomba likitengenezwa linatoa maji ya nyumba moja. Hili lake linatoa maji dunia nzima." Kijana alimpinga kwa ukali ambao sikuutarajia kwake, alisema yeye ndiye anayewadai kila siku waimbaji wasio na kitu, na kwamba prodyuza anayechukua nusu ya wimbo wa mtoto wa watu kwa sababu tu ana kompyuta hana tofauti na mwenye mtumbwi anayechukua samaki wote na kumwachia mvuvi mapezi. Binamu alikaa kimya. Mimi nilifikiria upande wa pili wa kaseti yangu. Bendi zetu za dansi, zilipoingia studio ya Redio Tanzania Dar es Salaam miaka ya 1970, nazo zilipiga wote kwa pamoja, magitaa, tarumbeta na waimbaji, na anayekosea anawarudisha wenzake wote mwanzo. Ubichi tunaousikia humo, ule tunaousifu leo, ulitokana na vifaa vichache na uhodari mwingi, hakuna aliyeuchagua. Na wengi wa wapigaji wale wamezeeka bila mirabaha, nao pia hawakuchagua. Albini aliweza kukataa mirabaha kwa sababu mirabaha ilikuwepo ya kukataa. Nilipolisema hili fundi aliniambia, "Sasa ndiyo umeongea, mwalimu," na nikahisi nimeshinda kitu, ingawa sikujua ni nini.

Hoja ya mauzo ilikuja ikapita. Binamu hupenda kusema kwamba albamu ya pili iliuza zaidi na hivyo ndiyo kubwa. Kwetu Usukumani hoja hiyo ina heshima yake, kwani kwenye Bulabo, sikukuu ya ngoma za Kisukuma pale Bujora, makundi hasimu ya Bagika na Bagalu hucheza kwa wakati mmoja, kila kundi upande wake, na mshindi ni yule ambaye umati umehamia kwake. Lakini kila aliyewahi kwenda anajua kwamba umati huhamia pia kwenye nyoka na kwenye fisi wa kufugwa. Tuliliacha hapo.

Jambo moja ambalo halikusemwa siku hiyo, nami nalisema hapa, ni kwamba In Utero haikuwa hata mara ya mwisho kwa Nirvana kurekodi. Novemba 1993 walipiga New York kwa ajili ya televisheni, kwa magitaa ya mbao, na rekodi hiyo ilitoka mwaka mmoja baadaye. Mwishoni mwa Januari 1994 waliingia tena studio, Seattle, wakatoka na wimbo mmoja uliokamilika, ambao haukuuzwa hadi mwaka 2002. Bendi inayojua kwamba imemaliza hairudi studio. Albini naye alifariki Mei 2024, akiwa na miaka 61, na siku habari hiyo ilipofika binamu aliniandikia ujumbe wa maneno mawili: "Fundi wako." Hakuongeza lolote, na sikuona sababu ya kubishana.

Jumamosi iliyofuata nilirudi Makoroboi kuchukua spika, safari hii nikiwa na kaseti mfukoni. Fundi ana deki ya zamani ya milango miwili ambayo hutumia kupimia amplifaya za wateja. Kijana naye alikuwepo, kwa ajili ya spika zake, amevaa shati jeupe la kwenda kwenye kwaya, na flashi mkononi kwa sababu binamu alikuwa amemwahidi albamu nzima. Nilimwambia asikilize kwanza hii. Mkanda umechakaa, dramu zinasikika kana kwamba zimefunikwa blanketi, na kwenye wimbo wa sita sauti inayumba pale ambapo kaka aliwahi kuunyoosha kwa kalamu. Hakuna aliyezungumza. Kwenye wimbo wa tisa gitaa lilipanda, ikasikika tak, na kijana akageuka kutazama swichi ukutani akidhani umeme umekatika.

Fundi alifungua mlango wa deki, akaigeuza kaseti, akabonyeza. Yakaingia magitaa ya dansi, wote kwa pamoja.